Nguo Nilizomfumia Mtoto wa Sakania

Nilipotoka hospitalini nilipelekwa Kamalondo, kwa mama mkwe wangu. Mume wangu alikuwa anafanya kazi Sakania, mpakani, akiwapitishia watu mizigo kwenye forodha, na katika nyumba yetu ya kupanga hapakuwa na mtu wa kunipa hata maji ya kunywa. Mama yangu mzazi anaishi Kilwa, kando ya ziwa. Barabara ya kutoka kule ni mbaya mwaka mzima, na magoti yake hayawezi tena kupanda lori. Alipiga simu, akalia, akasema nimsikilize mama mkwe wangu kama ningemsikiliza yeye.

Nilikuwa nimebeba mimba yangu ya kwanza mpaka karibu na mwisho. Damu ilinitoka asubuhi nikiwa sokoni, nyuma ya meza yangu ya vitenge, na kabla jua halijazama mtoto alikuwa amekufa na madaktari wamenitoa kizazi ili na mimi nisife. Aliyenieleza ni muuguzi mmoja. Alikuwa anaangalia dirishani akiniambia nimshukuru Mungu. Nilimshukuru, maana nilidhani nisipofanya hivyo hatanipa dawa ya maumivu.

Nyumba ya mama mkwe ni ya matofali ya zamani, ya wakati baba mkwe, marehemu, alipokuwa mfanyakazi wa reli. Walikuwa wawili tu mle ndani, yeye na wifi yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekuwa anasuka nywele kwenye saluni ya mtaani. Mama mkwe ni mwanamke mwembamba, mfupi, asiyependa kelele, asiyependa machozi, asiyependa mtu anayelala mchana. Kila asubuhi alinisafisha kidonda kwa maji ya moto yaliyotiwa chumvi. Hakuniuliza kama inauma. Alinikamata ubavu kwa mkono mmoja na kunifuta kwa mwingine, vile anavyofuta sufuria, na akimaliza anamwaga maji kwenye mfereji na kwenda kuwasha makaa. Lakini lazima niseme ukweli: hospitalini kidonda kilikuwa kinatoa usaha, na mikononi mwake kilikauka.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi. Kwetu Lubumbashi asubuhi za mwezi huo mtu anavaa koti juu ya koti, na mimi nilikuwa nakaa uani kwenye mkeka, upande ambako jua linafika mapema. Asubuhi moja mama mkwe alikuja na mfuko wa plastiki, akaumwaga mapajani mwangu. Niliutambua uzi ule kabla haujanifikia. Ulikuwa wa sufu, mweupe na wa manjano. Mimi ndiye niliyeununua, mimba yangu ilipoanza kuonekana, nikampelekea yeye ili amfumie mjukuu wake. Yeye alifundishwa kufuma na masista alipokuwa msichana, na Kamalondo nzima ilijua kwamba hakuna anayemshinda.

Uzi ulikuwa bado umefungwa karatasi za dukani. Hakuwa amefuma hata kofia moja.

Nilimwambia sitaweza.

"Balikupasua tumbo," alisema. "Habakupasua mikono."

Akachukua kigoda, akakaa mbele yangu, akanipa sindano ya kufumia. Akanieleza kwamba kuna mtoto wa kwao atazaliwa Sakania, kwamba baridi ya kule inapita ya hapa, na kwamba mtoto hawezi kuja duniani uchi. Yeye macho yake yameanza kuwa na ukungu, wifi hana subira, basi nitafuma mimi.

Nilishika ule uzi wa manjano. Nikasema, "Lakini mama, huu uzi..."

"Uzi haiyui iko ya nani," alisema.

Sikuuliza mtoto huyo ni wa nani. Mume wangu ana binamu anayefanya kazi kwenye stesheni ya Sakania, na mke wake anazaa bila kupumzika. Nilifikiri ni yule. Halafu katika nyumba ile mimi nilikuwa mtu wa kulishwa na kuoshwa, na mtu wa namna hiyo anajifunza kupunguza maswali.

Alianza kunifundisha na kitambaa cha kushikia sufuria, kwa sababu, alivyosema, sufuria haitanicheka. Unafunga fundo la kwanza, unavuta uzi ndani ya fundo, unapata mnyororo. Unageuka, unarudi juu ya mnyororo, tundu kwa tundu, na kila mwisho wa mstari unaongeza tundu moja ili ukingo usivutike. Ni jambo rahisi mtu akilifanya mbele yako. Nilipolifanya mimi, kitambaa kilitoka na pembe tatu. Mama mkwe alikiinua kwenye mwanga, akakitazama kwa utulivu, akavuta ncha ya uzi mpaka kazi yote ikarudi kuwa uzi. Alifanya hivyo tena jioni, na kesho yake, na keshokutwa.

"Mikono ya muntu ya kuuzisha bitenge," alimwambia wifi, mimi nikiwa hapo hapo. "Inayua kukunja. Kutengeneza haiyui."

Wifi alicheka. Wifi alikuwa anacheka sana siku zile, nami nilidhani ni ujana.

Akina mama wa parokia walikuwa wanakuja kunitazama, na sukari, au na mayai yaliyofungwa kwenye kitambaa. Walikuwa wanakuta nimeshika soksi ya mtoto mchanga, wanatazamana. Mmoja alinivuta mkono taratibu, akaninong'oneza kwamba nimwachie Mungu, mtoto wangu huko aliko haoni baridi. Sikumwelewa mpaka jioni, wifi aliponiletea habari za mtaani. Watu walikuwa wanasema nimechanganyikiwa, kwamba ninamfumia maiti nguo na usiku ninaziongelesha. Wifi alinihadithia hayo huku akinichambua nywele, akicheka tena, na mama mkwe kutoka ndani alisema wacha waseme, mradi soksi zinaendelea.

Zikaendelea. Soksi za kwanza zilitoka moja ndefu moja fupi, akazifumua. Za pili alizifumua sijui kwa nini, mimi niliziona ziko sawa. Za tatu alizipima kwenye kidole gumba chake, akaziweka kwenye kopo la biskuti na kulifunga. Ndipo nikajua kwamba zimekubaliwa.

Baada ya soksi ikaja kofia. Kofia inaanza utosini, na pete ndogo ya uzi, halafu unazunguka, unaongeza, unazunguka tena, mpaka inafanana na bakuli. Ukifika kimo cha masikio unaacha kuongeza. Mama mkwe alinifundisha kuweka mstari wa manjano juu ya ukingo mweupe, na kamba mbili za kufungia chini ya kidevu. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kutembea bila kushika ukuta. Nilikuwa nalala. Asubuhi nilikuwa naamka nikiwaza kazi nilipoiachia. Ni vigumu kwangu kuandika hili, lakini nilifurahi. Sikuwa nimefurahi tangu hospitali, na furaha ilinirudia kupitia kofia ile. Siku niliyoimaliza, mama mkwe aliizungusha juu ya ngumi yake, akaivuta huku na huku akitafuta kosa.

"Hii iko muzuri," alisema.

Nilikwenda chooni nikalia kwa ajili ya neno hilo moja.

Mwishoni tulifika kwenye shali. Shali ilikuwa kazi kubwa, yote kwa mshono wa kombe, ambao unafanya vipepeo vidogo, kama vya kupepelea makaa, vilivyopangana, na hapo mama mkwe alikaa nami muda mrefu zaidi. Macho yake hayakuwa na ukungu wowote. Alikuwa anaona tundu lililorukwa akiwa upande wa pili wa ua. Tulikuwa tunakaa mchana kutwa bila kusema, yeye akichambua sombe, majani ya mhogo, mimi nikifuma, magari ya madini yakinguruma mbali barabarani. Siku zile nilidhani amenipenda.

Mume wangu alikuja mara moja tu katika muda huo wote. Alisema kazi ni nyingi, malori yamejaa mpakani. Aliniletea matunda na kunishika bega. Kofia ilikuwa juu ya kiti, akaiona. Akaiokota, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ule mstari wa manjano, na macho yake yakajaa maji. Akatoka nje. Nilimsikia akiongea na mama yake kwa sauti ya chini karibu na jiko, yeye akisema kitu kwa haraka, mama akimjibu kwa neno moja moja. Mimi nilibaki kitandani nikimwonea huruma. Nilidhani anamlilia mtoto wetu. Aliporudi ndani nilimfariji. Nilimwambia hata mimi mwanzoni nilishindwa kuushika uzi huu, lakini mtu anazoea. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na kesho yake akarudi Sakania alfajiri.

Shali ilipokwisha, mama mkwe alifua kila kitu kwa sabuni ya kipande, akakausha kivulini, akapiga pasi ya makaa juu ya kitambaa chenye maji, akakunja. Wifi ndiye aliyetumwa kupeleka mzigo. Alipokuwa anafunga begi nilimwomba amsalimie mama wa mtoto. Nilimwambia amweleze kwamba namtakia ajifungue salama, na kwamba nguo hizi nimezifuma kwa moyo.

"Nimuambie vile vile?" aliuliza wifi.

"Vile vile."

Alimtazama mama yake. Mama mkwe alimwambia aende, basi litajaa.

Mtoto alizaliwa, nilisikia wakiongea kwenye simu kwamba ni wa kiume na kwamba ni mzima. Nilisema hongera. Nilikuwa nimeanza kufanya kazi ndogo za nyumbani, na nilikuwa ninafikiria kurudi sokoni baridi ikipungua.

Walikuja siku ya Jumamosi, mchana. Nilikuwa uani nachambua maharagwe kwenye ungo. Wifi aliingia kwanza, akiwa amebeba begi, na nyuma yake msichana ambaye sikuwa nimemwona maishani, umri wake labda miaka ishirini kasoro, mnene kidogo kwa uzazi, na mtoto kifuani ndani ya shali yangu. Jambo la kwanza nililoliona ni kofia. Nilifurahi kuona imemkaa vizuri. Nilifuta mikono yangu kwenye kitenge na kuinyoosha ili nimpokee mtoto.

Msichana hakunipa mtoto mara moja. Alipiga magoti kwenye vumbi, akapiga makofi taratibu kama watu wa kule wanavyomsalimia mtu wanayemheshimu.

"Yaya," alisema, vile mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "nilikuwa na woga ya kuya hapa. Lakini wakati uliniletea nguo na salamu, nikasema, huyu yaya iko na roho muzuri. Mwengine angenichukia."

Nilimuuliza kwa nini nimchukie.

Akamtazama wifi. Wifi alikuwa anatazama simu yake. Nami nilikuwa nimeshampokea mtoto, nikamfungua kamba za kofia ili nione kama hazimbani, na masikio yakachomoka. Mume wangu ana masikio makubwa yanayosimama mbali na kichwa. Shuleni walikuwa wanamtania kwa sababu ya masikio hayo, na mimi katika uchumba nilikuwa namtania pia. Mtoto alikuwa nayo. Alikuwa na paji la uso la mume wangu, na hata ule mkunjo kati ya nyusi anaokuwa nao akisubiri chakula.

Nilimfunga kofia. Nilimrudishia mama yake mtoto na kusema karibuni. Nikakaa tena kwenye maharagwe, nikaendelea kuchambua, na baadaye niligundua kwamba nilikuwa natupa mazima na kubakiza yaliyotobolewa na wadudu.

Msichana alipoingizwa ndani kupumzika, nilimfuata mama mkwe jikoni. Alikuwa anakata vitunguu. Nilimuuliza mtoto yule ni wa nani.

"Unayua," alisema.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alimaliza kitunguu alichokuwa anakata, akaanza kingine.

"Kama ningekuambia, ungefuma mubaya."

Na ilikuwa kweli. Nilibaki nimesimama pale, na yeye, bila kunigeukia, aliendelea kuongea, na hiyo ndiyo siku pekee aliyonisimulia jambo lake mwenyewe. Marehemu mume wake alipokuwa akisafiri na gari moshi alikuwa na mwanamke mwingine kule linakolala. Watoto wawili waliletwa hapa mlangoni, mmoja akiwa na surua. Aliwalea. Mmoja alimzika.

"Hakuna muntu alinipatia uzi," alisema.

Alilisema bila huruma, wala kwa kujihurumia yeye mwenyewe. Nadhani alikuwa ananieleza kwamba amenitendea vizuri. Halafu akaniagiza nilete mafuta.

Jumapili baada ya misa, watu walikaa kikao cha familia. Kwa upande wao alikuja baba mkubwa wa mume wangu, mzee wa familia, na wanaume wengine wawili. Kwa upande wangu alikuja mjomba wangu, fundi wa magari hapa mjini, bado ana grisi kwenye kucha. Mama yangu alikuwa kwenye simu kutoka Kilwa, sauti imefunguliwa, simu imewekwa katikati ya meza. Mume wangu alikuwa amefika na basi la asubuhi. Alikaa kwenye kona akiangalia viatu vyake. Msichana na mtoto waliachwa uani, lakini shali ilikuwa imeletwa ndani na kuwekwa kwenye kiti cha mikono.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepiga hesabu ya miezi na kuona kwamba wakati mimi ninachagua uzi dukani, msichana yule tayari alikuwa na mimba. Nilitaka kulisema hilo mbele ya watu. Nilitaka kusema kwamba tulifunga ndoa kanisani. Nilitaka mume wangu aulizwe.

Baba mkubwa hakumuuliza mume wangu kitu. Aliinua shali, akaikunjua, vile vipepeo vyote vikaonekana.

"Hii ni mikono ya nani?" aliniuliza.

Nikasema ni yangu.

"Kuko muntu alikufunga kamba ili ufume?"

Nikasema hapana.

Akamgeukia wifi, akamwomba arudie salamu nilizotuma. Wifi alizirudia zote, neno kwa neno. Hakuongeza wala kupunguza. Kwamba ajifungue salama. Kwamba nimefuma kwa moyo. Nilijaribu kueleza kwamba niliambiwa ni mtoto wa jamaa, na mama mkwe akasema kwa upole kwamba alisema mtoto wa kwetu, na huyu ni wa kwetu. Kama kuna aliyemsikia akisema lingine, aseme. Hakuna aliyesema, kwa sababu hakuwa amesema lingine.

Baba mkubwa alisema mwanamke mwenye uchungu hafumi shali ya namna hii. Alisema mimi nilikuwa nimekubali kwa mikono kabla ya kukubali kwa mdomo, na kwamba jambo hilo linanipa heshima. Nitabaki mke mkubwa, ndoa ya kanisa ni yangu. Mtoto akiacha ziwa ataletwa hapa, nitamlea mimi, kwa kuwa Mungu alinifungia mlango mmoja na kunifungulia mwingine. Aliongea kwa sauti nzuri. Watu waliitikia kwa vichwa. Nilimtazama mjomba wangu. Alikuwa ameshika pindo la shali kati ya vidole vyake, akiipima kazi, naye alisema, bila ubaya wowote, kwamba kweli imefumwa vizuri.

Mume wangu aliulizwa kama ana neno. Alisema alitaka kuniambia, lakini nilikuwa mgonjwa.

Nilianza kulia, na sauti ya mama yangu ikatoka kwenye simu, ikikatikakatika kwa sababu ya mtandao.

"Mutoto yangu," alisema, "ulifuma. Sasa unalia nini?"

Watu wakala. Kulikuwa na kuku na bukari, ugali wetu, na bia za wanaume. Mimi nilipakua.

Nilibaki pale muda kidogo zaidi, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubeba mizigo yangu na sikujua pa kuipeleka. Msichana naye alibaki. Mama mkwe alitaka kumfundisha namna ya kumkanda mtoto tumbo. Msichana alikuwa ananisaidia kila kazi kabla sijamwomba. Aliniita yaya asubuhi mpaka jioni. Alinichotea maji ya kuoga. Alikuwa anapenda kukaa karibu nami na kuniuliza namna ya kufanya mshono wa kombe, na nilimwonyesha, maana mikono yake ilikuwa mepesi kuliko yangu. Kumchukia kulikuwa kazi ngumu, na mimi nilikuwa bado sijapona vizuri.

Dada yangu, anayekaa upande wa pili wa reli, alisikia habari na kumtuma mwenye toroli aje kuchukua vitu vyangu. Asubuhi niliyoondoka msichana alikuwa anafua uani, mtoto akiwa amelala kwenye mkeka wangu wa zamani, pale penye jua. Alinyanyuka akaniuliza ninakwenda safari gani. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nilikuwa nimeamua kuondoka bila neno. Lakini aliponiita yaya tena, nilimwambia. Nilimwambia sikujua mtoto ni wa nani. Nilimwambia uzi ule niliununua kwa ajili ya mwanangu aliyekufa, na kama ningejua kichwa kitakachovaa kofia ile, ningeitupa kwenye makaa. Niliyasema yote polepole ili asikose hata moja. Nilimwona akisikia. Uso wake ulifunguka kwanza, kama mtu anayetaka kucheka kwa kutoelewa, halafu ukafungika.

Aliinama juu ya mkeka, akamfungua mtoto kamba, akamvua kofia. Mikono yake ilikuwa na povu. Akaninyooshea kofia. Sikuipokea. Hakujua aiweke wapi. Akabaki ameshika hivyo, na mtoto akaamka kwa baridi na kuanza kulia.

Mama mkwe alitoka mlangoni. Aliniona na mzigo wangu, akamwona msichana, akaiona kofia.

"Murudishie kofia," alimwambia. "Kuko baridi."

Msichana akamrudishia mtoto kofia. Alikuwa analia, na vidole vyenye maji vilishindwa kufunga kamba, mpaka mama mkwe alipoinama na kuzifunga yeye, haraka, kwa fundo lile alilonifundisha mimi. Kisha akaniambia nisinyanyue kitu kizito, kidonda bado kibichi kwa ndani. Hilo ndilo neno lake la kuniaga.

Sasa ninakaa kwa dada yangu, na meza yangu ya vitenge nimeirudia. Mbele ya sheria ya kanisa bado ni mke wa mtu. Mume wangu aliwahi kunitumia ujumbe akiniuliza kama naendelea vizuri, nikamjibu ndiyo, kwa sababu ni kweli. Wateja wakipungua ninafuma: vitambaa vya meza, mifuko ya simu, vifuniko vya viti. Watu wa sokoni wananunua kuwapa wenzao kwenye harusi. Wakitaka vitu vya watoto wachanga ninasema sijui kuvifuma.

Msichana hakudumu pale Kamalondo. Alirudishwa Sakania mtoto alipoacha ziwa, na sidhani mume wangu anakaa naye. Wanasema kuna mwingine upande wa Zambia. Mtoto yuko kwa mama mkwe. Anatembea, anamwita mama. Hayo nimeyapata kwa wifi, ambaye alikuja mezani kwangu wakati baridi ya mwaka wa pili ilipoanza, akashikashika vitenge, akanipa habari bila kuulizwa. Shali siku hizi inafunika televisheni. Kofia haimwingii tena, kichwa kimekua, masikio ndiyo usiseme.

Halafu akasema mama anauliza kama naweza kumfumia mtoto sweta, ya kuvalia kichwani, ya mikono mirefu, kwa sababu anakohoa, na mama kwa kweli sasa haoni.

Nilimwambia sina uzi. Kikapu cha uzi kilikuwa katikati ya miguu yangu, kimejaa mpaka juu, na yeye alikuwa anakiangalia.

Alichagua kitenge kimoja cha bluu, tukashindwana bei, akakiacha, akaenda.